Walinzi wawili wa gesi wasitegemee sikio moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya usalama wa mabomba ya gesi. Kwetu sisi wa Kusini gesi si habari ya mbali. Gesi ya Songo Songo inapelekwa Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara lilianza kazi mwaka 2015. Sasa zipo nyumba zinazopikia gesi ya bomba. Yafaa basi tujifunze kwa yaliyowapata wenzetu.

Tarehe 13 Septemba, 2018, katika miji ya Lawrence, Andover na North Andover, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, nyumba zililipuka na kuwaka moto karibu wakati mmoja. Mtu mmoja alikufa, zaidi ya 20 waliumia, na majengo 131 yaliharibika.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulieleza chanzo. Gesi iliyoingia majumbani ilitakiwa iwe na msukumo wa nusu paundi tu kwa inchi ya mraba. Kwenye kituo cha kupunguza msukumo kulikuwa na regyuleta mbili: moja ya kazi, ya pili ya kushika zamu endapo ya kwanza itaharibika. Kila moja ilipima msukumo kwa kibomba chembamba. Kampuni ilipobadilisha bomba kuukuu kwa la plastiki, vibomba vyote viwili viliachwa kwenye bomba kuukuu. Lilipokatwa, msukumo wake ulishuka. Regyuleta zote mbili zikafanya kama kwamba mji umepungukiwa gesi, zikafunguka kabisa. Msukumo ukapanda hadi paundi 6 hivi, yaani mara 12. Kengele ililia katika kituo cha uangalizi kilichokuwa Ohio, jimbo jingine, lakini waliokuwa zamu hawakuwa na uwezo wa kufunga gesi kutoka huko.

Ndugu Mhariri, wale hawakukosa sheria wala vifaa. Kanuni za Marekani zinadai kila mfumo wa namna hiyo uwe na kinga, ila zinamwachia mwenye bomba achague kinga ya aina gani. Hapo ndipo penye mambo.

Kinga zenyewe ni tatu hasa. Kwanza ni vali ya kupumulia, inayotoa gesi iliyozidi nje hewani. Wateja hawakatiwi gesi, na sauti na harufu yake humwamsha jirani. Lakini lazima iwe kubwa ya kutosha, na itoe gesi mahali pasipo moto wala watu. Pili ni vali ya kufunga, inayokata gesi yote msukumo ukizidi. Hii ni salama, ila wateja hukosa gesi mpaka mafundi wapite nyumba kwa nyumba kuwasha upya. Tatu ni regyuleta ya pili, ambayo haipotezi gesi wala haikati huduma. Ndiyo iliyochaguliwa Massachusetts.

Sisi walimu tunalijua jambo hili. Wanafunzi wawili wakileta jibu moja, sisemi kwamba jibu limethibitishwa mara mbili mpaka nijue hawakunakili karatasi moja. Walinzi wawili wanaosikia kwa sikio moja ni mlinzi mmoja.

Wapo watakaosema vifaa vya ziada ni ghali. Kampuni ile ilikiri kosa mahakamani mwaka 2020 ikatozwa faini ya dola milioni 53, mbali na fidia. Jimbo lilibadili sheria mwishoni mwa 2018 ili michoro ya kazi za gesi iidhinishwe na mhandisi mwenye leseni, na mwaka 2020 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuzuia kosa moja lisiangushe kinga zote.

Nashauri wahusika wetu, kila wanapoidhinisha kituo cha gesi ya majumbani, waulize mambo matatu. Je, kinga ya pili inajitegemea kweli? Je, ramani inaonyesha kila kibomba kilipo kabla fundi hajakata? Je, yupo mtu karibu mwenye uwezo wa kufunga gesi mara moja? Majibu waelezwe wananchi kwa Kiswahili, maana wao ndio wanaolala juu ya mabomba hayo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Lindi.