Maarifa ya Nyumbani: Betri ya Ndege Ndogo ya Redio

Askari wa kikosi cha mawasiliano hahitaji kufundishwa kwamba redio isiyo na betri ni kipande cha bati tu. Lakini askari huyo huyo, akienda likizo na kumnunulia mwanawe ndege ndogo ya umeme iongozwayo kwa redio, aghalabu huitazama rangi ya mabawa na kuisahau betri. Hapo ndege huweza kuanguka siku ya kwanza, na nyumba ikaingiwa na hatari ambayo haikuwamo kabla. Yafaa basi mzazi aelewe mambo machache kabla ya kutoa fedha yake.

Mchezo huu si mgeni duniani. Tarehe 30 Juni 1957, nchini Uingereza, Kanali H. J. Taplin alirusha ndege ya mfano iitwayo Radio Queen, yenye mota ya umeme na betri za madini ya fedha na zinki. Tarehe 21 Oktoba 1973, huko Wels nchini Austria, rubani Heino Brditschka aliruka mwenyewe ndani ya ndege ya umeme yenye betri za nikeli na kadmiamu, akakaa angani kwa dakika chache tu. Tangu siku hizo, tatizo kubwa la ndege ya umeme ni lile lile: betri ni nzito, na kila kilicho kizito sharti kibebwe na bawa.

Betri za kuchajiwa zinazotumika katika mchezo huu ni za jamii mbili. Ya kwanza ni ya nikeli, ambayo kila seli yake hutoa volti 1.2. Ni imara na huvumilia makosa mengi, lakini ni nzito. Siku hizi yafaa zaidi kwa kile kisanduku cha kuongozea kinachoshikwa mkononi. Ya pili ni ya lithiamu, hasa ile laini iliyofungwa katika mfuko mwembamba. Kila seli yake huhesabiwa kuwa na volti 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Ni nyepesi na ina nguvu nyingi, ndiyo maana imetawala mchezo huu. Lakini haisamehi uzembe.

Mnunuzi na ajiulize maswali matatu. La kwanza ni la volti. Seli mbili za lithiamu ni volti 7.4, na seli tatu ni volti 11.1. Idadi hiyo lazima ilingane na ile iliyoandikwa kwenye maelezo ya ndege. Kuongeza seli moja kwa tamaa ya mwendo huweza kuunguza mota au kile kifaa kinachodhibiti mwendo wake.

Swali la pili ni la ampea, yaani wingi wa umeme ambao betri huweza kuutoa kwa mara moja. Ichukuliwe ndege ya gramu 600. Kwa mwanafunzi, wati 200 kwa kila kilo hutosha, na kwa ndege hii ni wati 120. Wati 120 zikigawanywa kwa volti 11.1 hupatikana karibu ampea 11. Betri ya seli tatu yenye ujazo wa miliampea 1300 kwa saa, iliyoandikwa 20C, huweza kutoa mara ishirini ya ujazo wake, yaani ampea 26. Hiyo inatosha, tena inabakiza akiba. Hata hivyo, wauzaji wengine huandika tarakimu kubwa kuliko uwezo wa betri yenyewe. Kwa hiyo akiba hiyo si anasa.

Swali la tatu, ambalo wengi hulisahau, ni la uzito. Betri ya ujazo huo huwa na gramu kama 110. Ile ya miliampea 2200 huwa na gramu kama 180. Baba anayenunua kubwa akidhani mtoto atacheza muda mrefu zaidi, ameitwisha ndege gramu 70 za ziada. Itahitaji mwendo mkali zaidi ili ikae angani, itatua kwa kishindo, na mkono usiozoea hautaimudu. Betri ile ndogo, ikitumiwa asilimia 80 tu ya ujazo wake na kwa mwendo wa wastani, hurusha ndege kwa muda wa dakika kumi hivi. Kwa anayejifunza, dakika kumi za utulivu ni bora kuliko ishirini za mashaka.

Betri ikishafungwa, ndege na iinuliwe kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, mahali palipoonyeshwa katika maelezo yake. Ikilala mkia, betri isogezwe mbele kidogo. Ikiinama pua kupita kiasi, irudishwe nyuma. Ndege yenye mkia mzito ni vigumu kuiokoa.

Sasa ibakie hatari ya nyumbani, ambayo ndiyo kubwa. Betri ya lithiamu iliyochajiwa kupita kiasi, iliyotobolewa au kupondwa, huweza kuwaka ghafla na kutoa moshi wenye sumu. Katika nyumba za askari, ambako familia hukaa ukuta kwa ukuta, moto wa chumba kimoja si wa familia moja. Kwa hiyo chaja iwe ile iliyotengenezwa kwa lithiamu na inayosawazisha seli zote. Ya nikeli isitumike kamwe. Betri ya miliampea 1300 ichajiwe kwa ampea 1.3, kazi ya muda wa saa moja hivi. Ichajiwe juu ya saruji au matofali, mbali na kitanda, chandarua na mafuta ya taa, ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Mtu mzima awepo. Isiachwe ikichajiwa usiku watu wamelala.

Betri isishuke chini ya volti 3 kwa seli, kwani huharibika. Ikiwa haitatumika kwa siku kadhaa, ihifadhiwe ikiwa na volti 3.8 hivi kwa seli, mahali penye ubaridi. Isiachwe ndani ya gari juani. Iliyovimba isichajiwe tena, hata kama ilinunuliwa jana kwa bei kubwa. Isitupwe jikoni wala shimoni, bali ipelekwe wanakopokea taka za umeme.

Mwisho, ndege isirushwe karibu na kambi, kiwanja cha ndege au mkusanyiko wa watu, na ruhusa iombwe kwa wahusika pale sheria inapotaka hivyo. Rahisi ghali, walisema wahenga. Shilingi chache zilizookolewa kwa chaja mbovu zisije zikalipwa kwa paa la nyumba na maisha ya waliolala chini yake.