Tusihukumu giaboksi kabla ya kupima waya

Mgeni apigaye hodi asiitikiwe hana haki ya kwenda kuwatangazia majirani kwamba mwenye nyumba amefariki. Huenda amelala, huenda mlango ni mzito, huenda hata sauti ya mgeni haikufika ndani. Ajabu ni kwamba katika gereji nyingi za humu nchini tangazo la namna hiyo hutolewa kila uchao, na mwenye gari hudaiwa gharama za mazishi.

Nazungumzia magari ya atomatiki, ambayo Wakenya wengi huyanunua yakiwa yamekwisha kutumika huko Japani. Gia za baadhi ya magari hayo huamriwa na kompyuta ndogo iliyo na kazi hiyo tu. Siku moja taa ya onyo huwaka, gari likakwama katika gia moja na kujikokota mlimani kama punda aliyelemewa. Fundi huchomeka mashine yake ya kusoma hitilafu, na kiooni hutokea nambari U0101, maana yake mawasiliano na kompyuta ya giaboksi yamepotea. Fundi hutikisa kichwa na kusema, "Mzee, hii giaboksi imeisha."

Hukumu hiyo haimo katika nambari ile. Walioiandika si kompyuta ya giaboksi bali ni jirani zake, aghalabu ile ya injini, waliongoja ujumbe kwa muda uliowekwa wasiupate. Huo ni ushahidi wa aliyeita. Kuhusu hali ya aliyeitwa, nambari haisemi lolote.

Ili msomaji aelewe, yafaa ajue jinsi kompyuta hizo zinavyosemezana. Mnamo 1986, mjini Detroit, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mfumo uitwao CAN, ambao kwao kompyuta nyingi za gari hutumia nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja, badala ya kila moja kuvutiwa waya wake hadi kwa mwenziwe. Marekani iliyalazimisha magari yote madogo ya mwaka wa 2008 na baadaye kuutumia mfumo huo katika uchunguzi wa hitilafu, na leo umeenea duniani kote. Kila mwisho wa njia hiyo ya nyaya mbili huwa na kikinza cha omu 120. Kwa hivyo, betri ikifunguliwa na mita ikawekwa katika tundu la 6 na la 14 la soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, katika magari mengi itasoma omu 60 hivi. Ikisoma 120, njia imekatika mahali fulani au kikinza kimoja hakipo. Ikikaribia sufuri, nyaya mbili zimegusana. Kipimo hiki huchukua dakika chache, na hakuna boliti hata moja ya giaboksi inayofunguliwa.

Iwapo omu 60 zimepatikana, na kompyuta nyingine zote zinasemezana vyema, basi barabara kuu ni nzima. Kinachobaki ni kichochoro kiingiacho kwa giaboksi pekee: fyuzi yake, waya uletao umeme, waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, na plagi yenyewe. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea hata wakiwa na mita mkononi. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 kamili mradi hakuna kinachotumia umeme, lakini kompyuta ikiamka na kudai chakula chake, volti hizo huporomoka. Waya kama huo hujaribiwa kwa kuutwika mzigo, hata kama ni taa ndogo ya kujaribia. Taa ikififia, mwizi amepatikana.

Na wezi hao hapa kwetu si wachache. Kuna panya watafunao nyaya gari likiegeshwa majuma mawili. Kuna uoshaji wa injini kwa maji ya kasi, ambao hupeleka unyevu ndani ya plagi na kuleta kutu. Kuna wafungaji wa vifaa vya kufuatilia magari na ving'ora, wakatao waya wowote wauonao na kuuviringa kwa utepe. Tena kuna betri iliyochoka: volti zikishuka mno wakati wa kuwasha, kompyuta moja huzimika kidogo na jirani zake huandika U0101 ambayo baadaye haina maana yoyote. Nambari ya aina hiyo yafaa kufutwa na gari kuendeshwa ili ionekane kama itarudi. Sembuse zile mashine za bei nafuu ziunganishwazo na simu! Nyingi zake husoma injini tu, na zikikosa kusema na giaboksi, huenda ni kwa sababu hazikuundwa kufanya hivyo.

Sikatai kwamba mara nyingine kompyuta huwa imeharibika kweli. Katika magari kadhaa imewekwa ndani ya giaboksi yenyewe, ikiogeshwa oili ya moto mwaka baada ya mwaka, na hapo hapana budi kufungua. Hata hivyo, kompyuta iliyotolewa katika gari jingine aghalabu haikubali kufanya kazi hadi iandikwe upya kwa mashine maalumu, na katika maduka ya vipuri kuna kibao kinachomwambia mnunuzi kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Mwenye teksi aliyekopa chamani kununua kipuri hicho hubaki na deni, gari lililoegeshwa, na waya ule ule uliokatika.

Lawama isimwangukie fundi peke yake. Sisi wateja humlipa kwa kile tukionacho. Akiishusha giaboksi na kujipaka oili hadi viwikoni, twakiri kwamba amefanya kazi. Akiinama saa mbili na mita yake, akagundua fyuzi iliyoungua na kilichoiunguza, twamaka kwa nini atoze maelfu kwa fyuzi ya shilingi hamsini. Ilhali daktari twamlipa ada ya kutupima kabla hajaandika dawa, na hatumdai aturudishie akisema hatuna maradhi. Fundi asiyelipwa kwa kutafuta hana budi kujilipa kwa kuuza, na kilicho ghali kuliko vyote vya kuuza ni giaboksi.

Kwa maoni yangu, ada ya uchunguzi yapasa kukubaliwa mapema na kuandikwa peke yake katika risiti, pamoja na vipimo vyenyewe: omu ngapi katika nyaya mbili, volti ngapi katika plagi ya kompyuta mzigo ukiwapo, na kama nambari ilirudi baada ya kufutwa. Mteja asiyejua maana ya tarakimu hizo ataweza kumpelekea fundi wa pili karatasi hiyo, naye aendelee pale mwenzake alipoachia. Nao watahini wa ufundi wa magari wangefanya hisani kubwa kumpa mtahiniwa gari zima lililokatwa waya mmoja kwa siri, mita, taa ya kujaribia na saa moja, spana zikiwa zimefungiwa kabatini.