JAMAA YETU: Pete na Voali ya Mama

Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya posa na mahari, tunafungua sanduku la mama. Vijana wengi wanataka kufunga ndoa na vitu vya wazazi: voali, ushanga wa shingo, pete. Ni vizuri, na feza inabaki nyumbani. Lakini vitu hivi vinaharibika upesi mikononi mwetu.

Voali, kile kitambaa chepesi cha kufunika kichwa, ikiwa ya nailoni inageuka manjano kwa miaka. Binti anakimbilia javeli. Hapana! Javeli inaweza kuzidisha umanjano, na hariri inakuliwa kabisa. Loweka ndani ya maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, usifikiche, usikamue. Tandaza juu ya taulo safi, kivulini. Vumbi ya Bunia unaijua, basi usianike karibu na barabara. Pasi ya moto itaiyeyusha. Na beseni iwe ya nyumbani, si ile karai ya kuoshea mchanga wa zahabu. Sababu utaiona hapa chini.

Ushanga wa lulu, pangusa tu na kitambaa chenye maji kidogo. Ndimu na siki vinakula lulu ya kweli.

Sasa pete. Zahabu inataka maji ya vuguvugu, sabuni na burashi laini ya meno. Majivu na mchanga vinaikwaruza.

Mama mmoja wa kanisa letu aliniletea pete ya marehemu mama yake. Ilikuwa na madoa meupe kama feza. Alikuwa akimsaidia mume wake kukamata zahabu na zebaki, ile wachimbaji wanaita merkiri, naye hakuvua pete. Zebaki inashikana na zahabu yoyote, hata ya arusi. Alisugua siku mbili bure. Jirani akamwambia: weka juu ya makala, weupe utaondoka. Kweli utaondoka, lakini utaenda wapi? Utaingia ndani ya mapafu yake na ya mtoto anayembeba mgongoni. Mvuke wa zebaki hauonekani, hauna harufu, nao unaharibu ubongo na figo, hata mtoto aliye tumboni. Zahabu ilionekana Kilo tangu 1903, na mimi mchungaji nimezika na kubariki watu wa machimbo miaka mingi bila kusema neno juu ya jambo hili.

Tuliifunga pete ndani ya chupa yenye kifuniko, tukatafuta fundi wa zahabu mwenye chombo cha kufungwa kinachokamata mvuke. Wa kwanza alitaka kuichoma pale pale mezani, tukaondoka. Wa pili alikuwa na chombo. Pete ilirudi ya manjano, na vishimo vidogo juu yake. Binti ataivaa mwezi wa nane.

Baba yake bado anachomea zebaki nyuma ya jiko. Tumepatana nitamtembelea siku ya pili.