Sikio halichagui: kisomo kikizidi sauti nacho huumiza



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ndugu msomaji, safu yetu leo inazungumzia kitu kidogo ambacho kimeingia karibu kila nyumba ya mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji mpaka Kagunga, mpakani na Burundi. Nazungumzia spika za masikioni, hasa zile zenye kichwa cha mpira laini ambazo huzamishwa ndani ya tundu la sikio mpaka zikaziba kelele ya nje.

Juu ya kitu hiki nyumba zetu zimegawanyika mafungu matatu. Kuna wazee wanaosema nyaya hizi ni za wahuni na zipigwe marufuku. Kuna vijana wanaosema sikio ni langu, simbughudhi mtu. Na kuna wazazi waliotulia kabisa, kwa kuwa wamehakikisha kwamba mtoto wao hasikilizi muziki bali anasikiliza Qur'an na mawaidha.

Kwa maoni yangu mafungu yote matatu yameliacha swali la afya. Nini kinachosikilizwa, hilo lina wenyewe: masheikh na wazazi. Kwa upande wa afya tunauliza mambo mengine. Sauti ina nguvu kiasi gani? Inasikilizwa kwa muda gani? Na huyo aliyeziba masikio yuko wapi wakati ameyaziba?

Neema tutakayoulizwa

Katika Suratul Israa, aya ya 36, Allah (s.w.) anatutanabahisha kwamba masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Na ukizisoma aya nyingi zinazotaja neema hizi, utaona kusikia kunatangulia kuona.

Tunajua pia habari ya yule mtu kipofu aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akitaka ruhusa ya kuswali nyumbani kwa kuwa hana wa kumwongoza msikitini. Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama anaisikia adhana. Alipojibu kuwa anaisikia, akatakiwa aiitikie. Hakuwa na macho, lakini sikio lake lilitosha kumbebesha wajibu. Hiyo ndiyo thamani ya kiungo ambacho leo tunakichezea kwa kitufe cha kuongeza sauti.

Sikio linavyoharibika

Sauti ikiingia kwenye tundu la sikio hupiga ngoma ya sikio. Ngoma nayo hutikisa vifupa vitatu vidogo sana, navyo huufikisha mtikisiko ndani kabisa, kwenye kijumba kilichojiviringa kama konokono. Humo mna chembe hai zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 katika kila sikio, ambazo kazi yake ni kuugeuza mtikisiko ule kuwa habari inayopelekwa kwenye ubongo.

Chembe hizi ni kama majani ya ufukweni. Wimbi dogo likipita huinama na kuinuka tena. Mawimbi makubwa yakipiga kila siku hulala moja kwa moja. Tofauti ni kwamba majani huota upya, lakini chembe hizi za binadamu zikishakufa haziroti. Hakuna kidonge wala sindano ya kuzirudisha.

Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni moja duniani, wenye umri kati ya miaka 12 na 35, wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa katika starehe zao. Mwaka 2019 shirika hilo, pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, lilitoa kipimo kwa watengenezaji wa vifaa hivi: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, kwa watoto, desibeli 75 kwa saa hizo hizo.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila zikiongezeka 3 tu, muda salama unakatwa nusu. Aliyekuwa na saa 40 kwenye desibeli 80 anabaki na saa 20 kwenye 83, na saa 10 kwenye 86. Akifika 100 zimebaki dakika kama 20 tu kwa wiki nzima. Na vifaa vingi vya mfukoni vikifunguliwa mpaka mwisho huweza kufika huko.

Kisomo nacho

Basi mzazi mwenzangu, zingatia jambo hili. Chembe za sikio hazijui tofauti ya bongo fleva na kisomo. Hazijui kama ni dansi kutoka Kongo au ni khutba. Zinachokijua ni nguvu na muda. Kijana anayelala na Juzuu Amma masikioni usiku kucha, sauti ikiwa imepandishwa mpaka mwisho, anapata thawabu kwa nia yake, lakini sikio lake linaumia sawa na la jirani yake anayesikiliza muziki.

Tena hasara yake ni ya ajabu kidogo. Kelele huanza kuua usikivu wa sauti nyembamba, wakati zile nzito bado zinasikika. Ndiyo maana mgonjwa hujitetea, "Mbona nasikia watu wakiongea!" Ni kweli anasikia, ila hayapambanui maneno. Na herufi zinazokaa kwenye sauti nyembamba ni zile za mlio wa pumzi: sin, tha, swad na fa. Walimu wa madrasa wanajua maana yake. Mwanafunzi hujifunza kutamka herufi kwa kuipokea kutoka mdomoni mwa mwalimu wake. Asiyepambanua sin na tha kwa sikio, makhraj yake atayatoa wapi? Huenda tukamchapa mtoto kwa uzembe kumbe tatizo liko sikioni.

Kuziba kunakofaa

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya wazee hawatalipenda. Spika hizi za kuziba si lazima ziwe mbaya kuliko zile za kawaida zinazoning'inia mlangoni mwa sikio. Zikitumiwa vizuri ni afadhali.

Chukua safari zetu. Kagunga imebanwa na milima nyuma na ziwa mbele, na safari ya Kigoma ni ya maji. Hata Mei 2015, ndugu zetu wakimbizi wa Burundi walipojaa hapa kwa maelfu na kipindupindu kikazuka, walihamishiwa Kigoma kwa njia ya ziwa, wengi wao kwa meli ya MV Liemba. Sisi wengine tunapanda boti za injini zinazoshusha abiria Kibirizi. Aliyekaa karibu na injini hawezi kuzungumza na jirani yake bila kupaza sauti, na hiyo tu ni dalili kwamba kelele pale imeshafika kiwango cha kudhuru.

Kijana mwenye spika za kawaida atafanya nini? Injini inamwingilia sikioni, naye anapandisha muziki mpaka uishinde. Sikio moja linabeba kelele mbili. Mwenye spika za kuziba, zikimkaa sawasawa, hupunguziwa kelele ya nje kwa desibeli 20 au hata zaidi, kwa hiyo sauti ndogo inamtosha. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Brian Fligor na Terri Ives, walilipima jambo hili kwa kelele kama ya ndani ya ndege. Wengi wa waliotumia spika zisizoziba walipandisha sauti kupita kiasi. Waliofanya hivyo na spika za kuziba walikuwa wachache.

Lakini mpira hauna baraka peke yake. Anayeziba kisha akapandisha sauti vilevile hajajikinga na kitu. Kanuni nyepesi ni hii: panga sauti yako ukiwa ufukweni, penye utulivu, kabla injini haijawashwa, isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Boti ikiondoka usiiguse tena. Kama husikii, spika zako hazizibi. Zivue, subiri mpaka Kibirizi.

Kuziba kunakoua

Kuziba kule kule kunakomfaa abiria kunaweza kumuua mwenye kazi. Nahodha, baharia, anayekumba maji ndani ya chombo na mvuvi wa dagaa usiku hawapaswi kuwa na spika masikioni hata kwa sauti ndogo. Usiku ziwani, chombo kisicho na taa husikika kabla hakijaonekana. Upepo ukibadilika, mwenzako atakuita mara moja tu. Injini yenyewe ikianza kuharibika hutoa taarifa kwa mlio. Haya yote ni masikio yanayoyapokea. Abiria naye, ziwa likichafuka, avue zote mbili ili asikie anachoamrishwa.

Ukishuka Kibirizi ukapanda bodaboda kwenda Ujiji, hukumu ni ile ile. Dereva aliyeziba masikio hasikii honi ya lori lililo nyuma yake, na roho ya abiria iko mikononi mwake. Usipande mpaka azivue. Huna haja ya kuona haya, kwani sheria yetu imekataza mtu kujidhuru na kuwadhuru wengine.

Na dada anayefua ufukweni huku mtoto akicheza kandokando ya maji, asizibe masikio. Mtoto anayezama aghalabu hapigi kelele. Pengine utasikia mchubwiko mdogo wa maji, basi.

Usafi

Nta ya sikio si uchafu. Ni kinga, na kwa kawaida hutoka yenyewe taratibu. Spika inayozamishwa kila siku huirudisha ndani mpaka ikaziba. Tena hufungia joto na unyevu, na kwa vijana wetu wanaoshinda ndani ya ziwa wakiogelea, huo ni mlango wa wadudu wa maradhi. Sikio huwasha, huvimba na kuuma ukiligusa. Kwa hiyo:

Kwanza, usiazime wala usiazimishe. Kuchangia spika, sikio moja wewe na jingine mwenzako, ni kubadilishana nta na wadudu.

Pili, vua vile vichwa vya mpira mara kwa mara, vioshe kwa maji na sabuni, na uvikaushe kabisa kabla ya kuvirudisha. Spika yenyewe ifutwe tu kwa kitambaa kikavu.

Tatu, sikio linalotoa usaha halizibwi kwa kitu chochote. Mpeleke mgonjwa zahanati. Usaha wa muda mrefu huashiria ngoma iliyotoboka.

Nne, tuache njiti za kiberiti, funguo na manyoya ya kuku. Na wala tusimimine mafuta ya moto sikioni. Udhu wenyewe umetufundisha kiasi: kidole chenye maji kinapita kwenye mikunjo ya sikio, hakichokonoi. Ukimaliza kutawadha, lipanguse sikio likauke kabla ya kurudisha spika.

Nini kifanyike

Mzazi, usinyang'anye kifaa kisha ukadhani umemaliza kazi. Kaa na mwanao, mfundishe kipimo. Simama umbali wa mkono mmoja, mwite kwa sauti ya kawaida. Akiwa hasikii, na chombo kimetulia, sauti yake imezidi. Kila baada ya saa moja apumzishe masikio, na wakati wa kulala avue. Akianza kulalamika mlio wa nzi masikioni, au akawa anajibu "Eeh?" kila anapoitwa, mlete apimwe mapema.

Walimu wa madrasa, mtoto anayechanganya herufi zinazofanana achunguzwe masikio kabla hajalaumiwa. Wenye boti na kamati za mialo wekeni sharti moja tu, nalo halina gharama: anayeshika usukani na wasaidizi wake, masikio wazi kuanzia mwaloni mpaka mwaloni.

Na sisi wa misikitini tusijitoe. Vipaza sauti vyetu vya ndani mara nyingi huelekezwa kwenye safu za mbele, kwa watoto na wazee, vikiwa vimefunguliwa kana kwamba msikiti una watu elfu. Katika Suratul Luqman tumeusiwa kuteremsha sauti zetu. Tukitaka vijana wapunguze sauti mifukoni mwao, tuanze kupunguza ile ya kwetu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuhifadhie masikio yetu, na atujaalie tuyatumie katika yale anayoyaridhia. Wabillahi tawfiiq.