Mikono Inayosokota Haikai Bure

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na presha. Mwezi huu tunaomba ruhusa yenu tuongee juu ya uzi. Msishangae. Sisi wauguzi wachache tumejifunza kusokota pamba na kutia uzi rangi tukiwa watu wazima, wengine tukikaribia kustaafu, na tumeipenda kazi hii kupita tulivyotazamia. Tumeona pia kwamba inahusu afya zaidi ya tulivyodhani. Ina nafuu ndani yake, na ina hatari zake.

Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa mgonjwa. Alikuwa bibi kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, aliyevunjika mfupa wa paja. Alilazwa majuma mengi, mguu ukivutwa kwa uzito, hawezi kugeuka. Majuma ya kwanza alikataa chakula, na usiku alilia. Siku moja, tulipokuwa tukisafisha kidonda cha mgonjwa wa kitanda cha pili, akaomba pamba kidogo. Tukadhani anataka kujifuta jasho. Kumbe akaivuta polepole kwa vidole na kuanza kuisokota. Ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika.

"Pamba yenu haina mafuta, wanangu," akatuambia.

Alisema kweli. Pamba ya hospitali huchemshwa na kuondolewa nta yake ya asili ili iweze kunywa damu na usaha. Pamba ya namna hiyo haishikamani vizuri mtu akiivuta iwe uzi.

Baada ya siku chache binti yake alimletea pamba ya mti uliokuwa nyuma ya nyumba yao, pamoja na pia ya kusokotea: kijiti chembamba chenye kigae cha chungu kilichotobolewa katikati ili kiwe uzito. Bibi aliizungusha pia ikiwa imening'inia kando ya kitanda, akiwa amelala chali. Siku ile jioni aliomba uji, akaumaliza. Hatusemi kwamba uzi ulimponya mfupa. Mfupa uliunga kwa wakati wake. Tunachosema ni kwamba mikono yake ilipata kazi, na yeye akapata sababu ya kungoja kesho.

Sisi tulianza kwa kumcheka, tukaishia kuwa wanafunzi wake. Uzi wetu wa kwanza ulikuwa na mafundo. Mmoja wetu alisema wa kwake unafaa kufungia mbuzi. Lakini siku ile vidole vinapoelewa, na uzi unaanza kutoka mwembamba na sawa, mtu husikia raha ambayo si rahisi kuieleza. Tangu hapo tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, kila tunapopata nafasi.

KAZI YA TANGU ZAMANI

Wengine hudhani kusokota ni jambo la wageni. Sivyo. Huko Kilwa wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya vyungu vilivyotobolewa katikati, vya namna ileile ya kigae cha bibi yetu, vilivyotumiwa na wasokotaji wa karne nyingi zilizopita. Ufipa nako watu walisokota pamba yao na kufuma nguo nzito za kuvaa.

Kwa nini basi kazi hii ilipotea? Katika karne ya 19 kitambaa cha merikani kiliingia kwa wingi kupitia Unguja, na nguo ya kununua ikashinda ile ya kusokota. Kisha Wajerumani wakawalazimisha watu kulima pamba kwa ajili ya serikali. Mwezi Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba hiyo, na vita ya Majimaji ikaanza. Mwezi Agosti vita ilikuwa imefika Ifakara na Mahenge. Baada ya vita ikaja njaa kubwa. Si ajabu kwamba kwa wazee wengi pamba ikawa zao la boma, lenye kumbukumbu ya viboko.

Hata hivyo mikono ya bonde hili haikusahau nyuzi kabisa. Hapa Ifakara wapo akina mama wanaofuma vitambaa vya pamba kwa mitambo ya mikono, na vitambaa vyao vinajulikana mpaka nje ya mkoa wetu. Na karibu kila kijiji kina mama anayejua kutia rangi ukindu wa mikeka.

"FAIDA YAKE NINI?"

Hili ndilo swali tunaloulizwa kila siku. Uzi upo dukani, tena wa bei rahisi. Ya nini kukaa jioni nzima kusokota kiasi kinachotosha kitambaa kimoja? Tunakubali kwamba mtu akihesabu fedha tu, hatapata faida kubwa. Lakini tunadhani tumezoea vibaya kuipima kila kazi ya mwanamke kwa fedha. Kikundi kikianza, swali la kwanza ni mkopo. Na biashara isipotoka haraka kikundi kinakufa. Wahenga walisema: mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Tuangalie nani anakaa bure katika nyumba zetu. Ni bibi ambaye wajukuu wamekwenda shule na wana wamekwenda shamba. Ni mjane. Ni mgonjwa wa siku nyingi, aliyekatazwa jembe lakini hajakatazwa kuishi. Watu hawa huja kwetu wakisema moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, mwili wote unauma. Tunawapima na kuwapa dawa inapohitajika, nao waendelee kuzimeza kama walivyoelekezwa, kwa maana pia haishushi presha badala ya kidonge. Lakini wengine wanahitaji kitu cha kufanya, na mtu wa kukaa naye wakati wa kukifanya. Yule mwanamke anayesifiwa katika kitabu cha Mithali, sura ya 31, naye alishika pia mikononi mwake. Na hakusifiwa kwa ajili ya faida peke yake.

RANGI ZILIZOTUZUNGUKA

Baada ya kusokota tukaingia kwenye rangi, na hapo ndipo tulipofurahi kama watoto. Maganda makavu ya vitunguu hutoa rangi ya dhahabu. Manjano ya jikoni hung'aa sana, ila jua huifuta upesi. Magome ya mwembe hutoa njano iliyokolea. Lakini usimenye gome kuuzunguka mti wote, maana mti utakufa. Na kuna mitiki, iliyopandwa kwa wingi Kilombero na Ulanga tangu miaka ya 1990. Ponda jani lake changa mkononi, utaona wekundu kama damu. Ukitia misumari yenye kutu katika maji ya magome, rangi inageuka kijivu au karibu nyeusi.

Pamba haishiki rangi ovyo. Kwanza chemsha uzi kwa maji na sabuni kwa muda wa saa moja, uondoe nta, kisha usuuze. Pili, uloweke usiku kucha katika maji ya magome yaliyochemshwa. Tatu, uloweke katika maji ya shabu. Kwa uzi wa gramu 100 tunatumia shabu gramu 15. Ndipo uutie katika rangi, uchemke kwa moto mdogo. Uanike kivulini.

KOSA LETU

Sasa tuseme lile lililotufanya tuandike. Siku moja tulibakiza maji ya shabu tukayatia katika chupa ya juisi, tukaiweka chini ya meza. Mjukuu wa mwenye nyumba alikuja na kiu, akanywa. Alitapika usiku kucha, akapona. Lakini sisi hatukulala. Ni wauguzi sisi, wenye kuwafundisha wengine kila asubuhi! Wodini tumepokea watoto walioramba au kunywa kostiki soda, inayotumika kwa sabuni na kwa rangi za batiki. Hiyo huunguza mdomo na koo, na kovu lake huweza kuziba njia ya chakula kwa miaka. Ile shabu ingaliweza kuwa kostiki.

Kwa sababu hiyo tumejiwekea sheria hizi, nasi tunawaomba mzifuate:

1. Sufuria, kijiko na ndoo ya rangi viwe vya rangi peke yake. Visirudi jikoni hata siku ya arusi. Hili linawahusu pia mama wa ukindu wanaochemshia rangi ya unga katika sufuria ya ugali.

2. Kitu chochote cha rangi kisitiwe katika chupa ya soda, ya juisi au ya maji. Kikae juu, chini ya kufuli. Maji yaliyokwisha kazi yamwagwe mbali na kisima.

3. Mrututu na kostiki tumeviacha kabisa. Rangi za majani na maganda zinatutosha.

4. Chemsha nje, penye hewa, upande ambao moshi haukufuati. Unapochambua na kupigapiga pamba, funga kitambaa puani. Katika viwanda vya pamba vumbi hilo limewaharibu wafanyakazi wengi mapafu. Mwenye pumu amwachie mwingine kazi hiyo.

5. Aliyekufa ganzi mikono kwa kisukari au kwa ukoma asiguse sufuria ya moto wala kukamua uzi wa moto. Ataungua bila kusikia. Asokote tu, na akague vidole vyake kila jioni.

6. Ndoo za kulowekea zifunikwe. Maji yaliyosimama ni nyumba ya mbu. Jioni sokoteni ndani.

7. Kaa ukiwa umeegemea, na baada ya nusu saa simama ujinyoshe. Mama wa miaka arobaini na zaidi asiyeona uzi vizuri asifikiri kwamba anapofuka. Aje apimwe miwani ya kusomea.

Na mtoto akinywa dawa ya rangi, msimtapishe. Ikiwa ni kostiki, itamuunguza mara ya pili ikipanda. Msuuzeni mdomo kwa maji safi, mkimbizeni hospitali, na mje na chupa yenyewe.

Tunapendekeza kwa WAWATA na kwa jumuiya ndogo ndogo: atafutwe bibi mmoja anayekumbuka, apewe kiti na heshima ya mwalimu, na vijana wakae miguuni pake kabla hajaondoka na ujuzi wake. Msianze na mradi. Anzeni na pamba kiganjani na pia moja.

Bibi yetu alirudi kwao akitembea kwa fimbo. Siku ya kuruhusiwa alituachia ile pia yenye kigae. Alisema nyumbani anazo nyingine, na kwamba tusiiweke kabatini kama dawa iliyokwisha muda. Hatujaiweka.