HESABU YA WATU NI AMANA

Msafiri atokaye Makambako kwenda Mbeya huvuka Mto Mbarali katika mji mdogo wa Igawa. Hapo ndipo Mkoa wa Iringa ulipokuwa ukipakana na Mkoa wa Mbeya, hadi mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Njombe. Igawa imo katika Wilaya ya Mbarali, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbeya mwaka 2000, na makao makuu yake yapo Rujewa.

Huenda ndugu zetu wa visiwani wakauliza: Igawa yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mchele wa Mbeya unaosifiwa katika masoko ya pwani hulimwa Kyela na katika tambarare za Usangu, wilayani Mbarali. Maji ya Mto Mbarali huingia Ruaha Mkuu, yakazungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, kisha yakaungana na Rufiji. Nayo Unguja imekuwa ikipokea umeme wa Bara kwa waya upitao chini ya bahari tangu mwaka 1980, na Pemba tangu mwaka 2010. Hivyo taa ya Mkunazini ina udugu na mfereji wa Usangu.

Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta Mbarali watu 300,517. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya 446,000. Kwa miaka kumi watu wameongezeka kwa karibu nusu, hali nchi nzima iliongezeka kwa kiasi cha asilimia 37. Sababu haijifichi: watu hufuata ardhi na maji. Juu ya Wasangu wenyeji wamekuja Wabaluchi tangu enzi za ukoloni, kisha Wabena, Wahehe, Wanyakyusa, Wasukuma na Wamaasai. Huyu na jembe, yule na ng'ombe.

Lakini ardhi haikuongezeka. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu, pamoja na ardhioevu ya Ihefu, liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mipaka ikatangazwa upya mwaka 2023. Katika miaka hiyo yote wananchi wa baadhi ya vijiji waliishi bila kujua kama wapo kijijini au hifadhini. Mtu asiyejua kesho atalala wapi hapandi mti, hajengi darasa, wala hachimbi kisima.

Hatusemi kwamba mto uachwe ufe. Mto ukifa, mkulima wa Igawa ndiye wa kwanza kufa njaa, na wa visiwani atafuata gizani. Tunasema kwamba hifadhi ya mto haiwezi kusimama juu ya mashaka ya watu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotaja mahitaji ya maendeleo liliwatanguliza watu, ndipo likataja ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mpangilio huo haukuwa wa bahati nasibu.

Kwa hiyo viongozi wanao wajibu wa mambo matatu. Kwanza, mipaka isimikwe mbele ya wanakijiji, kwa alama zinazoonekana, si kwa ramani iliyofungiwa kabatini. Pili, anayelazimika kuhama alipwe haki yake na aoneshwe pa kwenda kabla hajavunja nyumba yake. Tatu, maji ya mifereji yagawanywe kwa zamu inayojulikana, mkubwa na mdogo wakiifuata sawasawa. Wananchi nao wasilime kandokando ya mito, wala wasifungulie maji usiku kwa siri.

Sensa si mchezo wa tarakimu. Anayehesabiwa amewekwa katika dhima ya anayehesabu. Watu wa Mbarali wamekwisha kuhesabiwa. Sasa wahudumiwe kwa hesabu hiyo.