Bidoni nyuma ya mlango

Juma hili tuongee juu ya maji baridi. Watoto wetu wanacheza palepale tunapopika, na mbabula haina ukuta. Mwaka jana maji ya bugali yalimwagikia mwanangu mguuni. Mimi mbio kwa mawese! Shangazi yake akanishika mkono: "Maji kwanza!"

Alisema kweli. Mawese, majivu na dawa ya meno vinafungia moto ndani ya ngozi na kuchafua kidonda. Kisha muuguzi anavisugua, mtoto analia mara ya pili.

Vua nguo na bangili upesi, lakini nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Mimina maji masafi ya baridi kwa kikombe, polepole, dakika 20. Ni nyingi mtoto akilia, najua. Maji yakiwa kidogo, mkono au mguu uzame ndani ya beseni. Barafu hapana, inaumiza ngozi zaidi. Unapoza palipoungua tu; mwili mwingine ufunike kitenge, mtoto asitetemeke. Hata saa moja ikiisha kupita, maji bado yanasaidia. Kisha funika kidonda kwa kitambaa kisafi, twende kituo cha afya, hasa akiungua uso, mikono au sehemu za siri.

Gharama? Bidoni moja yenye kifuniko. Maji ya ziwa yatieni klorini kwanza, kipindupindu tunakijua. Yangu iko nyuma ya mlango, naibadilisha kila asubuhi, na hakuna anayeruhusiwa kuoshea vyombo.